Bei ya Kukatizwa

Ukimtazama fundi wa kompyuta aliyekulia Kisangani akiwa kazini, utaona vidole vyake vinahifadhi kazi kila baada ya mistari michache, hata akiwa Brussels ambako umeme haukatiki ovyo. Wageni hudhani ni woga. Sisi twaiona ni adabu ya kazi. Tuliipata bure, kwa kukaa gizani, na sikutegemea kwamba siku moja ingekuwa ujuzi wenye thamani katika soko la dunia la kukodisha kompyuta.

Mji wetu haujapungukiwa na maji. Mto Kongo unafika kwetu ukitoka kuruka mawe ya maporomoko ya Boyoma, na mto Tshopo unapita mjini ukizungusha mitambo ya kituo cha umeme kilichojengwa miaka ya 1950, wakati mji ukiitwa Stanleyville na ukiwa na watu wachache. Watu wameongezeka, mitambo haikuongezeka kwa kasi hiyo. Basi umeme ukawa wa zamu: leo Makiso wanao, kesho Mangobo, kesho kutwa Kabondo, na kila mtaa ukajua ratiba yake kwa uzoefu kuliko kwa tangazo. Kijana aliyelelewa hivyo haulizi kama kazi itakatizwa. Anauliza itakatizwa imefika wapi.

Nilianza kuuza dakika za intaneti katika saiba moja ya Makiso, miaka ile ya baada ya vita, tishari za Kinshasa zilipoanza tena kupanda mto. Juu ya paa palikuwa na dishi la setilaiti. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Patroni, alililipia kwa dola kila mwezi, kiasi kilekile, viti vijae au vikae vitupu. Bomba la intaneti lilikuwa moja na viti vilikuwa vingi. Asubuhi na mapema ukurasa wa barua pepe ulifika kabla mteja hajavuta kiti. Saa kumi alasiri, wanafunzi wametoka darasani na wafanyabiashara wamerudi kutoka bandarini, ukurasa uleule ulichukua muda wa kunywa chai na kuosha kikombe.

Patroni alijaribu kwanza utaratibu wa aliyetangulia. Matokeo yake, vijana waliwahi viti alfajiri, wakavikalia, kisha wakaviuza kwa waliochelewa. Soko likazaliwa, ila faida haikuwa yake. Akajaribu kuwapa wakubwa kipaumbele. Hapo kila mtu akawa mkubwa, au akaja na barua ya mkubwa. Mwishoni alitundika ubao mweusi mlangoni na kuandika bei tatu kwa chaki: ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku. Jenereta ikiwaka, bei zote zilipanda kwa kadiri ya dizeli. Kambisti wa pale kona akibadilisha kiwango cha dola, mimi nilitumwa na kitambaa kufuta ubao. Wateja wakaacha kuniamkia kwa salamu, wakawa wanaanza na swali: “Yaya, leo ni ngapi?”

Ubao ule ulifanya kazi ambayo ugomvi na barua za wakubwa hazikuweza. Wanunuzi wa almasi kutoka kwenye kontwari, yaani maduka ya kununulia almasi, walikuja asubuhi na kulipa bila kuuliza, kwa sababu habari ya bei ya Antwerp ikichelewa saa mbili ni hasara. Wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wanapakua vitabu walihamia usiku wakiwa na makoti na karanga. Alasiri ikapungua msongamano. Bila mtu kumwamuru mwenzake, wenye haraka walijitenga na wenye subira, na dishi lililokuwa linalala bure usiku kucha likaanza kulipia gharama yake.

Lakini ubao ulikuwa na upofu wake. Alikuja mama mmoja muuza sombe, mwanawe yuko mbali na ni mgonjwa, anataka kujua majibu ya hospitali. Ilikuwa saa ya bei kali. Nilimshauri kama nilivyowashauri wengi:

“Mama, saa hii ni ghali. Ukirudi usiku utalipa nusu.”

“Usiku nitavuka na nani, mwanangu? Niko wa Lubunga.”

Lubunga iko ng'ambo ya mto, na mitumbwi haivushi watu usiku. Kwa mama yule bei ya usiku ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya watu wengine. Patroni alisikia, akanyanyuka, akavuta kiti cha mwisho karibu na dirisha na kusema kuanzia siku ile kiti hicho hakina bei. Atakayekikalia ataamuliwa na sisi kwa kumtazama mtu usoni. Wanauchumi wangeweza kumcheka. Mimi nilijifunza kwake kwamba bei husema mambo mawili kwa sauti moja, haraka ya mtu na uzito wa mfuko wake, na anayeisikiliza peke yake hatajua ni lipi kati ya hayo mawili linalozungumza.

Nilidhani Patroni ndiye aliyebuni ubao wa bei za saa. Kumbe jambo hilo lilikwisha kujaribiwa kwenye kompyuta zenyewe kabla sijazaliwa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, ambaye tayari alikuwa na jina kwa programu yake ya kuchora iitwayo Sketchpad, alichapisha makala fupi kuhusu soko la saa za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kompyuta ilikuwa moja, PDP-1, na walioitaka walikuwa wengi. Wakabuni fedha ya humo humo ndani, wakaiita yeni, na kila mtumiaji akapewa kiasi kulingana na uzito wa kazi yake. Aliyeitaka saa fulani alitaja dau. Mwingine akiitaka saa hiyohiyo alipandisha juu yake. Saa ikishapita, yeni zilimrudia mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyefilisika na hakuna aliyelimbikiza. Yeni haikununua mkate wala kubadilishwa kwa dola. Kilichonishika katika mpango ule hakikuwa mnada. Ni kwamba kabla ya mnada watu walikaa chini wakaamua nani apewe yeni ngapi, na uamuzi ule haukuachiwa soko.

Soko lenye dola halisi lilikuja baadaye sana. Amazon ilipoanza kukodisha mashine zake mwaka 2006, bei ilikuwa ya kubandikwa: senti 10 za dola kwa saa kwa mashine ndogo. Mpango huo ulipendwa, ila ulimwachia mwenye seva shida ya kudumu. Lazima awe na mashine za ziada kwa ajili ya siku ambayo wateja wote watakuja pamoja, na siku nyingine zote mashine hizo zinakaa. Jengo limekwisha kulipiwa, vyuma vimekwisha kununuliwa, na saa ya mashine isiyouzwa leo haiwekwi stoo ikauzwa kesho. Desemba 2009 kampuni hiyo ikaanza kuuza masalio hayo kwa mnada. Mteja alitaja bei ya juu kabisa aliyokuwa tayari kulipa. Bei ya soko ikiwa chini ya dau lake, alipewa mashine na kulipa ile bei ya soko, si dau lake. Bei ikipanda kupita dau, mashine ilichukuliwa katikati ya kazi. Punguzo liliweza kufika asilimia 90 ya bei ya kawaida. Katika kanuni za wakati ule, saa iliyokatishwa na mwenye mashine haikutozwa, na saa iliyokatishwa na mteja mwenyewe ilitozwa nzima. Wajanja wakawa wanasubiri wafukuzwe.

Mimi nilikutana na soko hilo kupitia msitu. Kisangani ni mji wa watu wa misitu: chuo kikuu chetu kinafundisha taaluma hiyo, na Yangambi, kilomita 100 hivi kwa kuteremka mto, ni makao ya utafiti wa kilimo na miti tangu enzi za Wabelgiji. Huko ndiko uliko mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, unaopima kaboni inayopita kati ya miti na anga. Mimi na watafiti wenzangu tulitaka kujua jambo dogo zaidi: mashamba na makaa yanakula msitu kwa kasi gani kandokando ya barabara na mto kati ya Kisangani na Yangambi. Picha za kawaida za setilaiti hazikutufaa sana, maana mawingu ya kwetu hayatoki juu ya msitu. Ahueni ilikuja na Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Aprili 2014, ambayo hutumia rada na huona usiku na mchana, mvua na jua. Picha zake hutolewa bure.

Bure hiyo ilikuwa na uzito. Picha moja inakaribia gigabaiti moja, na sisi tulihitaji mamia. Kwa intaneti yetu tungezeeka tunapakua. Nakala ya picha hizo ilikuwa Frankfurt, katika majengo yaleyale ya seva za kukodi, kwa hiyo tukageuza safari: badala ya kuleta data Kisangani, tulipeleka maswali Frankfurt na kuletewa majibu mepesi, ramani ndogo na safu za namba zinazopita hata kwenye modemu ya simu. Ilibaki kulipa. Kwa bei ya kubandikwa, fedha yetu ingeisha kabla msitu haujafika nusu. Kwa bei ya masalio ingetosha na chenji ikabaki.

Hapo tulikuta mlango ambao mafundisho ya mnada hayautaji. Ili utaje dau, lazima uwe na kadi ya benki ya kimataifa. Fedha yetu ilikuwapo kwenye akaunti, na akaunti haikuwa na kadi ya namna hiyo. Binamu wa mwenzetu aliyeko Brussels akatuazima ya kwake, nasi tukawa tunamrudishia kwa kumtumia mama yake, wa Mangobo, pesa kwenye simu. Ndivyo watafiti wa msitu wa pili kwa ukubwa katika ukanda wa joto duniani walivyoingia sokoni, kwa mgongo wa binamu. Kila ninapoambiwa kwamba bei inagawa vitu bila upendeleo, huikumbuka ile kadi. Bei haimbagui mtu aliyeko ndani. Aliyeko nje haina habari naye.

Tulipoingia, Kisangani ilitusaidia. Tangu Januari 2015 mashine za masalio zilikuwa zinatoa onyo la dakika mbili kabla ya kuchukuliwa. Wenzetu wa Ulaya waliona dakika mbili ni tusi. Mmoja wao alikuwa na programu iliyokwenda siku nne mfululizo bila kupumua. Ikikatizwa siku ya tatu, anaanza upya. Sisi dakika mbili tuliziona ni neema, maana umeme wa nyumbani haujawahi kubisha hodi kabla ya kuondoka.

Tukaikata nchi yote kati ya Kisangani na Yangambi vipande vya mraba, kila kimoja na namba yake, tukavipanga foleni. Mashine inachukua kipande, inakichambua, inaandika jibu kwenye hifadhi ya kudumu iliyo nje yake, inafuta namba kwenye foleni, inachukua kingine. Pembeni palikaa programu ndogo yenye kazi moja: kila sekunde tano inauliza kama kuna tangazo la kuondolewa. Jibu likiwa ndiyo, inazuia kipande kipya kisichukuliwe, inarudisha foleni kipande kilichoanzwa na hakijaisha, inaaga. Mashine ya mahali pengine, au ileile ikipatikana kesho, inaokota namba na kuendelea. Nililala nikijua usiku huo tutafukuzwa mara kadhaa, na asubuhi nikakuta ramani imesonga mbele.

Kuna hesabu ya zamani inayosaidia hapa, ya John Young, mwaka 1974. Kuhifadhi kazi kunakula muda. Kutohifadhi kunakula muda zaidi ukikatizwa. Katikati yake kuna kipimo kizuri: zidisha mara mbili muda wa kuhifadhi kwa muda wa wastani kati ya katizo moja na jingine, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jawabu. Kama kuhifadhi huchukua dakika moja na unakatizwa kila baada ya dakika 200, mara mbili ya 200 ni 400, na kipeuo chake cha pili ni 20. Hifadhi kila dakika 20. Nilipokifundisha kipimo hicho darasani, mwanafunzi mmoja wa Kabondo alisema mama yake anayeendesha mashine ya kusaga unga anakijua tangu zamani, ila hajui kama kina jina la Mzungu.

Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinauzwa. Mashine za masalio hazikuwa mbovu wala za mtumba. Zilikuwa zilezile za bei kubwa, katika majengo yaleyale. Punguzo lilikuwa ujira wa kukubali kuondolewa. Mwenye seva alinunua kutoka kwetu haki ya kutukatiza, na akailipia kila saa. Umeme wa nyumbani nao hutukatiza, lakini ankara haipungui hata franka moja kwa sababu hiyo. Katika nchi nyingine viwanda vikubwa hupewa umeme kwa bei ya chini kwa sharti kwamba siku ya shida vizimwe vya kwanza. Mkataba unasema, na kila upande umeweka sahihi. Kukatizwa kwenye bei ni biashara. Kukatizwa bila bei ni kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na wengi wamelipinga soko hili kwa methali hiyo. Naona inawahusu wasiojua kazi yao ina umbo gani. Uchambuzi wa picha elfu moja ambazo hazitegemeani unaweza kukatizwa mara mia na usidhurike. Rejista ya wagonjwa, malipo ya mishahara, tovuti ya matokeo ya mitihani siku ya kutangazwa, hizo hazikatizwi, na anayeziweka kwenye mashine za masalio ili aokoe dola chache atazilipa mara tatu kwa aibu. Kazi ya kwanza ya anayenunua kompyuta za kukodi ni kupanga kazi zake katika mafungu hayo mawili. Bei inakuja baadaye.

Kuhusu mnada wenyewe, nilikuwa nautazama kama watu wa kwetu wanavyotazama kina cha mto, kila asubuhi. Grafu ya bei ilipanda na kushuka, nasi tukajenga nadharia: Wamarekani wameamka, Wajerumani wamekwenda kula. Wengi wa wateja walitaja madau makubwa kuliko bei ya kawaida, wakiamini hawatafikiwa. Walipofanya hivyo pamoja siku ya uhaba, bei iliruka kupita hata ile ya kubandikwa, na baadaye ukawekwa ukomo wa dau, mara kumi ya bei ya kawaida. Kisha nikasoma utafiti wa mwaka 2011 wa Orna Agmon Ben-Yehuda na wenzake wa chuo cha Technion, Israeli. Walichambua kumbukumbu za bei wakaona kwamba kwa sehemu kubwa ya kipindi walichokitazama, hazikufanana na bei zinazotoka kwa wateja wanaoshindana. Zilifanana na namba zinazotolewa kwa bahati ndani ya ukanda mwembamba, kama bei ya chini ambayo muuzaji hakuitangaza. Kama ni hivyo, Wajerumani wetu hawakuwa wamekwenda kula.

Mwishoni mwa 2017 Amazon iliacha utaratibu wa dau. Bei za masalio sasa husogea taratibu, kufuata mwenendo wa muda mrefu wa mahitaji na ziada, na mteja halazimiki kutaja chochote. Google ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine mwaka 2015: bei ya masalio isiyobadilika wakati ule, onyo la sekunde 30, na mashine kuondolewa kwa vyovyote baada ya saa 24. Kwa mpanga bajeti hiyo ni nafuu, kwa sababu unaweza kuandika namba kwenye karatasi na isikuaibishe. Lakini kitu kimeondoka. Zamani, aliyekuwa na haraka siku ya leo aliweza kupandisha dau akabaki. Sasa bei haimlindi mtu. Kukatizwa kunaamuliwa na uhaba wa mashine, na uhaba anaujua mwenye jengo. Soko limebaki na sura ya soko, ila mizani iko chumba cha ndani.

Mambo hayo yalitufuata mpaka kwenye chumba chetu cha kazi. Fedha ya kukodi ilipokuwa ndogo kuliko foleni ya watafiti, tulirudia historia yote ya saiba: aliyetangulia, kisha mkubwa, kisha ugomvi. Nikapendekeza yeni za Sutherland. Wanafunzi walizibatiza jina la makayabu, yule samaki wa chumvi, kwa kuwa hukaa bila kuoza. Jumatatu asubuhi kila mtu aliandika kwenye ubao mweupe saa za seva anazozitaka na makayabu anayoweka. Aliyeshinda alitumia, na wiki iliyofuata makayabu yake yalirudi.

Kikao kilichochukua muda mrefu kilikuwa cha kugawa. Profesa alitaka yalingane na cheo. Wanafunzi wa udaktari walitaka yalingane na ukaribu wa tarehe ya kutetea tasnifu. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenye sauti ndogo, aliuliza kwa nini asiye na cheo wala tarehe asipewe kiasi cha kujifunzia tu, kisichoweza kutaifishwa na mtu. Tukakubaliana: kila mtu apate fungu la chini, kisha liongezwe kwa tarehe, na cheo kisiongeze kitu. Profesa alinung'unika, akasaini. Baada ya hapo mnada ulikwenda wenyewe, haraka, bila kelele. Walioweza kungoja walihamia wikiendi. Kukopeshana makayabu kulizuka, tukakuacha, maana ulikuwa msaada ambao kamati isingeweza kuubuni. Nilichokishuhudia ni kwamba kelele zote ambazo hapo awali tulizimaliza mbele ya seva zilikuwa zimehamia kwenye kile kikao cha kwanza, mahali pake panapostahili.

Njia ya bei si njia pekee ya kugawa, na mtu wa Kisangani hana haki ya kusahau hilo. Kwenye maporomoko, Wagenya, wavuvi wa pale, wanatega migono yao mikubwa kwenye miti waliyoisimamisha juu ya mawe, katikati ya maji yanayoweza kumeza mtumbwi. Kila mahali pa kutegea pana ukoo wake. Hapauzwi kwa saa, hapapigwi mnada msimu wa samaki ukiwa mzuri. Mpango huo umedumu kupita watawala wengi waliokuja mjini, na una fadhila ambayo soko halina: anayejua mahali patakuwa pake na pa mwanawe ana sababu ya kurekebisha mti uliooza. Una ubaya wake pia. Mgeni mwenye kipaji cha uvuvi hana pa kusimama, hata akisubiri miaka mia. Mnada unampokea mgeni na kumsahau mwenyeji. Urithi unamlinda mwenyeji na kumfungia mgeni. Chuo, hospitali, wizara au kampuni inayogawa kompyuta inachanganya vyote viwili, ijue au isijue.

Siku hizi swali limekuwa zito kwa sababu ya chipu za kufundishia akili bandia. Kwa mashine hizo masalio ni machache, maana karibu zote zimekwisha kutwaliwa. Mwaka 2023 Amazon ilianzisha mpango wa kukodi makundi ya chipu hizo kwa tarehe za mbele: unachagua siku, unalipa kabla, na bei inafuata mahitaji na ziada. Ni soko la saa zijazo, lilelile la Harvard, limerudi baada ya miaka 55 likiwa limeacha jambo moja nyuma. Yeni za Sutherland ziligawiwa kwanza kwa kuzingatia kazi. Dola hazikugawiwa hivyo. Mtafiti wa Kisangani anayetaka kufundisha programu ielewe Kiswahili chetu au isome rada ya msitu wetu anashindana na kampuni za California kwa sarafu ileile, na mkono mtupu haulambwi. Akishindwa, ubao wa bei utasema hakuwa na haraka.

Siwashauri wenzangu walikimbie soko. Tulilitumia, likatupa ramani ambayo tusingeipata kwa njia nyingine, na lilitulipa kwa ustahimilivu ambao nyumbani haulipwi. Nasema vyuo vya mkoa wa Tshopo na vya majirani vikiweka fedha zao pamoja, na kadi moja ya halali badala ya binamu, vitapata mashine nyingi kwa bei ya kukatizwa kuliko vinavyodhani, mradi kazi zisizokatizika zilipiwe bei kamili bila kulia. Halafu, kabla ya mnada wa kwanza, wahusika wakae mezani waamue kila mmoja ana sauti ya kiasi gani, wauandike uamuzi huo, waweke majina yao chini yake. Bei haiwezi kuwafanyia kazi hiyo. Wasipoifanya wao, itafanywa na pochi, na pochi haina jina la kuulizwa.